Fundi wa jipsamu aliyetaka kuongea na baba mwenye nyumba

Jumapili tumekaa mezani, wali umeshapakuliwa, nikasikia pwaa! Kipande cha dari kimetua juu ya hotpoti. Sisemi vumbi, nasema kipande, ukubwa wa sahani. Nyuma yake ikafuata karatasi, ikashuka taratibu kama vile haina haraka. Nikaiokota. Mfuko wa simenti, umekunjwa mara nne, maandishi yanasomeka vizuri kabisa. Huo ndio uliokuwa umeshikilia dari yangu.

Naandika bado nina hasira, mnivumilie.

Mimi nakaa Tabata. Mvua za vuli, kama si zilizopita basi zile za kabla yake, bati lilivuja mahali msumari ulipolegea. Sebuleni likatokea doa la rangi ya chai, likawa linapanuka kila mvua ikinyesha, mwisho bodi ya jipsamu ikalainika, ukiigusa inabonyea kama mkate uliolowa. Paa nikatafuta mtu akaziba. Ikabaki dari, na kuta mbili za sebule ambazo lipu yake ilikuwa imejaa nyufa, nikasema nizipige skimingi, yaani zipakwe unga wa kulainisha ukuta, hapo hapo niwe nimemaliza. Jirani akanipa namba ya kijana mmoja. "Huyo kwa jipsamu ni hatari," akaniambia. Kweli alikuwa hatari.

Alikuja na boda, ana ndoo, mwiko, skrepa na msasa. Drili hana. Skrubu hana. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka, lakini mtu akishakuita "dada yangu" mara tano kabla hajavua viatu unalegea. (Kuna siku nilimwambia hiyo jipsamu kwa Kiswahili inaitwa jasi, na jiwe lake linachimbwa hapa hapa kwetu, Kilwa na Same. Akanitazama kama nimemtukana.)

Unga wa kuzibia aliukoroga ndoo nzima kwa mara moja. Halafu akaaga anaenda kula. Ule unga ukishaingia maji hausubiri mtu, unaanza kushika. Aliporudi ulishakuwa mgumu pembeni, yeye akaongeza maji, akakoroga tena, akaendelea kupaka. Nilimuuliza, mbona kama umeshaganda? "Usijali bosi, hapa ndo unakuwa na nguvu." Sasa najua kuwa ukishauvuruga namna hiyo umeshauua, ukikauka unakuwa chaki tu. Siku ile sikujua, nikarudi jikoni.

Lile shimo hakulikata. Ile bodi iliyooza aliikwangua kidogo, akasokota mfuko wa simenti akauchomeka ndani, akaupaka unga juu, mnene kama kidole gumba, akapitisha msasa, akapiga rangi nyeupe. Jioni ukitazama hujui palikuwa na shimo. Nikamsifia! Nikamrushia laki moja, nikabakiza elfu hamsini.

Wiki tatu hazikufika ukaonekana ufa mwembamba, umezunguka duara kamili. Nikampigia. Akasema ni kawaida, inakauka. Ufa ukawa unaingia kadi ya benki. Nikampigia. Akasema ni feni, feni yako inatikisa nyumba. Feni yangu iko chumbani! Kilipodondoka kile kipande nikampigia mara ya tatu, na hapa ndipo damu yangu inapochemka kila nikikumbuka. Nikamweleza habari ya mfuko wa simenti. Akanyamaza kidogo, halafu akasema:

"Mama, hebu nipe baba mwenye nyumba, nizungumze na mwanaume mwenzangu, haya mambo ya kiufundi wewe hutaelewa."

Dada yangu siku ya kwanza. Bosi siku ya hela. Mama siku ya mfuko wa simenti. Na baba mwenye nyumba ni nani? Kiwanja nimenunua mimi, tofali nimehesabu mimi, hiyo laki moja imetoka kwenye simu yangu. Nilikata. Huyo ni fundi maiko, fundi wa kubabaisha, na nikasema nitamtangaza Tabata nzima mpaka Segerea.

Ila.

Nimekaa sebuleni wiki hii natafuta makosa kwenye zile kuta mbili. Nimewasha tochi ya simu nimeilaza ukutani, maana mwanga wa pembeni ndio unaofichua mawimbi. Hakuna. Ukuta umenyooka, umelainika, ukipitisha kiganja unateleza, na kwenye kona mstari umekaa kama umechorwa na rula. Nyufa zote za lipu alizipanua kwanza kwa skrepa, akazijaza, akasubiri siku nzima ndipo akaja kupaka juu. Yaani ukutani mtu ana subira, darini ana mfuko wa simenti. Sielewi. Nimekasirika zaidi kwa sababu ya huo ukuta, maana ungekuwa mbaya ningemaliza habari.

Dari imekuja kutengenezwa na mzee mmoja wa Buguruni. Haongei. Alikata bodi mraba mpaka akakutana na mbao pande mbili, pande zilizobaki akaongeza vipande vya mbao kwa juu ili bodi mpya ipate pa kushika. Akakata kiraka cha unene ule ule, milimita 9, akakifunga kwa skrubu zile nyeusi, kichwa kinazama kidogo tu bila kuchana karatasi. Kwenye maungio akabandika tepu ya nyavu, ndipo akapaka unga, mwembamba, akakoroga kiasi cha bakuli kila mara. Siku mbili hakugusa, anasubiri ukauke. Bei yake ilinipandisha presha. Na kusema kweli ukisimama mlangoni kiraka kinaonekana kidogo, rangi haijalingana. Cha kijana kilikuwa kizuri zaidi, kwa hizo wiki tatu.

Juzi kijana kapiga simu mwenyewe. Sauti ya upole. "Shikamoo. Nilikuwa naulizia ile elfu hamsini yangu iliyobaki."

Nikamwambia hayo mambo ya hela mimi siyaelewi, ampigie baba mwenye nyumba.

Akakaa kimya. Nikasikia kelele za grainda upande wake, yuko saiti ya mtu. Halafu akacheka, akasema, "Nisamehe mama yangu, pale niliteleza." Nikamrushia elfu ishirini na tano, ya ukuta. Ya dari hapati.