Neti gani ununue? Kwanza pima kitanda

Mwaka jana nilinunua neti dukani Usita wa Mui, barabara kuu ya Amu (Lamu), shilingi 1,200, ya pembe nne, ina lesi. Kuifunga kwenye kitanda cha bibi cha nguzo nne, ikaishia ubavuni mwa godoro. Usiku nikiichomeka huku, inachomoka kule. Wiki mbili baadaye kijana wangu yuko maabara anatolewa damu: malaria.

Kwa hivyo rangi na lesi sizitaji. Pima kutoka inapofungwa neti hadi chini ya godoro, uongeze shubiri ya kuchomekea. Nyingi zina kimo cha sentimita 150, na nguzo za vitanda vya Amu ni ndefu. Ulizia 180. Neti ikikubana, goti linagusa kitambaa na mbu anakunywa damu kupitia tundu.

Ninayoipenda, wala sifichi, ni Interceptor G2. Mbu wamezoea pairethroidi, dawa ambayo kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyotiwa kwenye neti. Hii ina ya pili, klorofenapiri. Vimeng'enya vya mbu, vilevile anavyovunjia dawa nyingine, ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu. Ila inamuua polepole, pengine hata siku tatu. Mnaoniandikia kwamba asubuhi mbu bado anaruka, msiilaumu neti. WHO iliipendekeza mwaka 2023.

Ya pili Olyset Plus. Ina PBO, kemikali inayovunja kinga aliyo nayo mbu dhidi ya dawa, lakini PBO huweza kwisha kitambaa kingali kizima. PermaNet 3.0 naiweka nyuma yake kwa sababu PBO iko kwenye paa tu, na wanangu hulala wamejibana ubavuni.

Za dawa moja? Bora kuliko kulala wazi.

Sasa wauzaji. Ukiuliza lebo, "Dada, zote zina dawa." Ukitaka kupima, mfuko haufunguliwi. Halafu zile za bure za kliniki, za wajawazito na watoto wachanga, zilizopigwa chapa kwamba haziuzwi, unazikuta zimening'inia dukani na bei juu yake!

Yangu nilipoirudisha niliambiwa, "Ushaifungua." Nikaipeleka kwa fundi cherehani, akaniungia pindo la leso kuukuu kwa shilingi 300. Neti ya 1,200 imekuwa ya 1,500, sasa inafika chini ya godoro, na dawa bado haina.