Boti ya Bei Rahisi Isiyo na Mguu: Ununue Nini?

Mwaka jana wakati wa kusi, boti nyingi zikiwa zimepandishwa pwani, nilinunua boti ya faiba ya futi 17 pale Mtwapa, Kenya, kwa shilingi laki tatu na nusu. Injini yake ya ndani ilikuwa nzima, MerCruiser 3.0 ya silinda nne. Kilichokosekana ni mguu, yaani kile kipande kinachoning'inia nje nyuma ya boti kikibeba gia na propela. "Uko kwa fundi, dada," muuzaji akaniambia. Haukuwa kwa fundi yeyote. Nilizunguka miezi minne mpaka nikapata mmoja uliotumika, nikaulipia laki moja na elfu themanini. Yule aliyeniuzia aliniapia kwamba Alpha One, yaani aina hiyo ya mguu wa MerCruiser, zote ni moja, unaingia tu.

Kuingia uliingia. Nati sita zikakaza vizuri, tukashusha boti Tudor, Mombasa. Nikatia gia, nikasukuma moto mpaka mwisho, na injini ikagoma kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Inatakiwa ifike 4,400 hadi 4,800. Omo ya mbele ikapanda, tezi ya nyuma ikazama, tukawa tunalima maji. Fundi akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akarudia kabureta. Pesa zikaendelea kutoka. Kumbe mguu ule ulitolewa kwenye boti ya V8, injini ya silinda nane.

Habari za mafuta ya gia kuwa meupe au propela kupinda sitazirudia, kila mtu huziangalia. Kisichoangaliwa ni uwiano wa gia. Kwa nje Alpha One zinafanana kama ndugu, lakini ndani hazifanani. Ya silinda nne huwa karibu na 2.0: injini inazunguka mara mbili, propela mara moja. Ya V6 ni karibu na 1.8. Ya V8 kubwa ya lita 5.7 ni karibu na 1.5. Injini ndogo ukiipa gia ya V8 unaibebesha mzigo isioweza, na ukifanya kinyume chake inazunguka kupita kiasi mpaka inajiua. Watakuambia utie propela nyepesi. Utasogea kidogo, ila unatibu homa na kidonda kimebaki.

Stika yenye namba hizo huwa imebanduka au imepakwa rangi, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Mwambie fundi auweke mguu kwenye gia ya mbele, utie alama ya chaki kwenye propela, kisha uzungushe shafti ya juu kwa mkono mara 20 upande ule ambao gia inashika. Propela ikienda mara 10, huo ni wa silinda nne. Ikienda 13 na nusu hivi, ni wa V8. Dakika tano tu. Muuzaji akikukataza kuzungusha, ondoka hapohapo.

Sasa nipange ninavyoamini mimi. La kwanza ni kuachana na mguu kabisa: toa injini ya ndani, ziba tundu la nyuma kwa mbao za boti na faiba, funga Yamaha Enduro 40, injini ya kuning'iniza nje ya nguvu farasi 40. Naipenda Yamaha na sifichi. Kuanzia Vanga mpaka Lamu utapata fundi anayeifungua akiwa amefumba macho, na spea zake hazikupeleki Dubai. Ile 3.0 na mguu wake hukaribia kilo 290. Enduro ni kama robo ya hapo. Tena maji yetu ya bamvua hutoka mbali, boti inabaki imelala mchangani. Yamaha unaiinua yote juu, lakini mguu hata ukiuinua sehemu yake hubaki majini, ukiliwa na chumvi na kuota chaza. Mbio utazipoteza, hilo nakubali, maana farasi 40 si 135 za ile 3.0. Pima tu urefu wa ukuta wa nyuma kwanza, inchi 15 au 20, ndipo uchague shafti.

La pili ni mguu halisi wa MerCruiser uliotumika, wenye uwiano wako. Za mwaka 1991 kuja mbele ni kizazi cha pili, ndizo ningechagua kama boti yako nayo ni ya kizazi hicho. Bravo, aina nyingine ya MerCruiser, na miguu ya Volvo Penta hazifungiki hapo, usipoteze nauli. Na kabla ya kufunga, badilisha beringi ya pale mguu unapoingilia pamoja na mpira wake, kwa sababu tundu lililokaa wazi limekunywa chumvi muda wote huo.

Miguu ya kuungaunga, juu ya huyu na chini ya yule, ni ya bei rahisi. Siinunui.

Kinachonichoma ni hii biashara ya kukata boti vipande. Mguu unafunguliwa usiku, unauzwa peke yake, kisha boti inauzwa "kasoro kidogo tu". Kasoro kidogo ya laki mbili! Ukiuliza bei unaambiwa njoo inbox, ukifika bei ni ya dola, na picha zote zimepigwa upande usio na stika. Mkiona boti haina mguu, toeni bei ya mguu mzima kwenye bei ya boti kabla hamjasema neno lingine.

Ule wangu wa V8 bado uko, mzima, umefunikwa turubai. Mwenye 5.7 aje na chaki yake, nitamwachia auzungushe mwenyewe.