Kulifungulia ziwa nyumba ya zamani ya Isamilo: uzoefu wangu na mafundi

Milima ya Mwanza ina nyumba nyingi za zamani zilizoligeuzia ziwa kisogo, na yetu ya Isamilo ilikuwa mojawapo. Sebule ilitazama barabara. Upande wa ziwa waliweka jiko, stoo na bafu, kila kimoja na kidirisha chake cha luva na nondo. Ziwa Victoria ulikuwa unaliona vizuri ukipanda kwenye mnara wa simtanki kuangalia kama maji yameingia. Ndipo tukaamua kubomoa ukuta wa upande wa ziwa na kuweka milango na madirisha ya vioo.

Wengi wananiuliza kama mafundi niliowatumia walistahili hela yao. Walikuwa timu mbili: kampuni ndogo ya ujenzi yenye mhandisi wake kwa kuta na zege, na karakana ya aluminiamu kwa milango na madirisha.

Kampuni ya ujenzi kwanza. Mhandisi alipanda darini kabla ya kutaja bei, akashuka na vumbi mpaka kwenye kope. "Mama, ukuta huu ndio umebeba kenchi. Ukiubomoa hivihivi, paa linashuka." Fundi niliyemwita kabla yake, wa bei nusu, alikuwa ameshapiga alama ya chaki pa kuanza kubomoa.

Kibali cha Jiji walikifuatilia wenyewe, na michoro ikawa yao. Kisha wakasimamisha mirunda chini ya kenchi, wakabomoa kuanzia tofali za juu, wakasuka nondo na kumwaga boriti ya zege kutoka nguzo hadi nguzo. Halafu mirunda ikabaki palepale. Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake kwa siku 28, na muda wote huo mnapenya katikati ya miti kwenda jikoni. Mume wangu alitaka itolewe mapema, maana zege "limeshakauka". Foromani akamjibu kwa heshima, "Mzee, kukauka siyo kukomaa," akaendelea kulimwagilia maji asubuhi na jioni. Kwa msimamo ule peke yake ningewaajiri tena. Karibu nusu ya bajeti iliishia kwenye saruji, nondo na mbao kabla sijanunua kioo hata kimoja, kwa hiyo anayekuambia kazi hii ni kubadilisha madirisha tu, mwambie akapande darini kwanza.

Kulikuwa na jabali pia, Mwanza hulikosi. Limekaa kwenye kona na kuziba sehemu nzuri tu ya mandhari. Jirani alishauri tulichomee matairi, tulipasue, tuuze kokoto. Mhandisi hakutaka hata kulisikia hilo, kwa sababu msingi wa kona ile umekaa juu ya jabali hilohilo, na moto haukuulizi upasue wapi. Baraza jipya likajengwa kulizunguka. Wageni wote wanakwenda kukaa juu ya jabali, viti tumewawekea bure.

Sasa aluminiamu. Fremu ni nzuri, pembe zimekutana, milango inateleza kwa kidole. Kioo ndipo tulipovutana. Niliagiza cha tempa, kile kilichoimarishwa kwa joto, kwa kuwa kinafika mpaka sakafuni na nina watoto. Kikivunjika kinamwagika punjepunje badala ya vipande virefu vyenye ncha. Wakaleta cha kawaida, nikakirudisha. Jueni pia kwamba cha tempa hakikatwi tena kikishatoka kiwandani, kwa hiyo vipimo vichukuliwe plasta ikiwa imeshamalizika.

Kilichoniudhi zaidi ni reli za chini: hawakuzitoboa matundu ya kutolea maji. Mvua ya vuli ilikuja na upepo wa kutoka ziwani, reli zikajaa, maji yakaingia sebuleni mpaka chini ya zulia. Simu zikawa hazipokelewi. Walipokuja hatimaye, kazi yenyewe ilikuwa ya drili na dakika chache.

Jua nalo lihesabuni mapema. Kwetu ziwa liko magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri jua linapiga mpaka ukuta wa pili. Kampuni ilirudi ikaongeza paa la baraza, likasaidia jua likiwa juu. Likishainama hakuna paa linaloliweza, ni pazia tu. Na vile vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa usiku, nyavu za kuteleza ziwe kwenye oda ya kwanza, la sivyo unakuta fremu haina reli ya kuzibeba.

Anayetaka kubomoa aanze Juni, masika yakiwa yameisha, ili nyumba iwe imefungwa kabla ya vuli ya Oktoba. Sebule sasa iko lilipokuwa jiko, na chai ya asubuhi tunainywa tukitazama feri ya Kamanga ikivuka. Kampuni ya ujenzi naipa nyota 5. Karakana ya aluminiamu 3, zote za fremu. Zulia hawajanilipa mpaka leo.