Gelemiş na magofu ya Patara, Uturuki: nimelala usiku nne, haya ndiyo maoni yangu

Mimi Uturuki nilikuwa naijua ya mzigo tu. Wenye maduka ya nguo pale Kampala mnanielewa, unatua Istanbul asubuhi, unaingia mtaa wa Laleli, unazunguka maduka ya jumla mpaka miguu inawaka moto, unafunga belo, unapeleka kago, unarudi Entebbe begi la mkononi limejaa sampuli. Nimeenda mara sita hivyo hivyo na bahari yao naiona kwa dirisha la ndege. Safari hii, mwisho wa Septemba, nikasema hapana, mzigo ukishapimwa najipa siku nne mahali ambapo hakuna mtu wa kunivuta mkono ati sista njoo, bei poa.

Mahali penyewe ni Gelemiş, kijiji kidogo cha kusini magharibi, mkoa wa Antalya, kimekaa karibu kabisa na magofu ya mji wa kale wa Patara. Nilipotajiwa nikadhani nataniwa, maana Patara mimi naijua ya Matendo 21, pale Paulo anashuka meli moja anapanda nyingine ya kwenda Foinike. Kumbe ndiyo hiyo hiyo. Na Mtakatifu Nikolao, huyu watu wamemgeuza Baba Krismasi, inasemekana alizaliwa hapo.

Kwanza nimalizane na ajenti wangu wa Kampala, jina naliacha. Nilimwambia Patara, yeye akanikatia ndege ya Antalya, ati ni jirani. Jirani gani bana! Uwanja wa karibu ni Dalaman, kama saa moja na kitu kwa gari, mimi kutoka Antalya nilikaa zaidi ya masaa manne kwenye dolmuş, basi dogo la abiria, ni kamunye yetu tu ila huko hawakubananishi, barabara inajizungusha mlimani na bahari iko chini kabisaa, karibu na Kaş nikatapika, samahani kwa mnaokula. Dereva akanishusha njia panda ya barabara kuu na kijiji bado kiko kilomita kadhaa, jua la saa nane, nakokota begi. Mzee mmoja mwenye pikapu ya makreti ya nyanya akanionea huruma akanibeba, hata pesa alikataa. Kwa hiyo mtu akikuuzia tiketi ya Antalya kwa safari ya Patara mrudishie.

Gesti sasa. Wao wanaita pansiyon, nyumba ya familia yenye vyumba sita, maji yanachemshwa na jua kwenye paa, kiyoyozi kinanguruma kama jenereta ya saluni lakini kinapooza, shuka safi. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, nilimwita teyze, yaani dada wa mama, na yeye akaniita kızım, binti yangu, Kiingereza hajui hata kidogo. Tuliongea kwa Kituruki changu cha Laleli ambacho ni namba na saizi. Usiku wa kwanza nikataka kusifia chakula, neno la kusifu ninalolijua ni lile la kitambaa, kaliteli, nikalisema, teyze akacheka mpaka akavuta kiti akakaa. Toka siku hiyo kila sahani ikija ananiuliza, kaliteli?

Asubuhi wanaleta nyanya, matango, jibini nyeupe, zeituni, yai, asali na mkate usioisha. Mtu aliyezoea katogo, yale matoke yetu ya asubuhi yaliyochanganywa na mboga ya moto, itamchukua siku moja kukubali kwamba tango baridi ni chai ya asubuhi. Na chai yenyewe ni ya rangi, kwenye kiglasi kadogo kama cha dawa ya kikohozi, ukiomba maziwa wanakuangalia. Kitu nilichokipenda ni gözleme, chapati nyembamba wanaijaza jibini na mchicha wanaikunja. Nikamwonyesha teyze kwa mikono jinsi rolex, chapati yetu ya kukunjia mayai, inavyotengenezwa, siku ya tatu nikaamka nakuta amejaribu, kabichi hakuna, ameweka pilipili hoho, nikala yote. Kaliteli.

Magofu ni ya kutembea kwa mguu ukiamka mapema. Unapita lango la mawe la matao matatu, la mwaka 100 BK hivi, halafu unaingia kwenye uwanda wenye barabara ya nguzo, bafu za Kirumi, na thieta ambayo miaka mingi mchanga ulikuwa umeijaza. Ila kilichonishika mimi ni jumba la mikutano. Patara ndipo Umoja wa Lycia, shirikisho la miji ya kale ya eneo hili, ulipokuwa unakutania, miji 23, na mwanajiografia Strabo ameandika kwamba mji mkubwa ulikuwa na kura 3, wa kati 2, mdogo 1. Mwanafalsafa Montesquieu wa Ufaransa aliusifu sana mpango huo, na waliotetea katiba ya Marekani miaka ya 1780 wakautolea mfano. Nikakaa kwenye ngazi za mawe nikawaza wabunge wetu, zaidi ya 500, nikaona nafasi wangepata, shida ingekuwa pakingi ya magari yao. Lawama yangu moja, jumba limekarabatiwa mpaka limepitiliza, mawe mapya meupe mno, ukilitazama kwa mbali unasema limejengwa juzi.

Nenda mpaka kwenye mnara wa taa wa zama za Kaisari Nero, mwaka 64 au 65 BK, ni kati ya minara ya taa ya zamani sana duniani na mawe yake yalikuwa yamefukiwa na mchanga. Ukisimama pale unashangaa, mnara wa meli na meli ingepita wapi? Bandari ilijaa mchanga ikafa, leo ni kinamasi cha matete, fikiria Lubigi, kinamasi chetu cha Kampala, bila yale mabomba. Paulo angeshuka leo angezama kwa tope.

Ufukwe uko mbele, tiketi ni ile ile ya magofu. Kilomita kama 18 za mchanga na hakuna hata hoteli moja juu yake, kwa sababu magofu yanalindwa na kasa wanakuja kutaga hapo kuanzia Mei. Usiku panafungwa, viota wameviwekea vizimba vya waya ukanyage kwingine. Mimi nimekulia Jinja, maji siyaogopi, lakini ziwa letu halina chumvi, nikapiga mbizi nikafungua macho kwa mazoea, wee! Nilitoka nalia mbele ya wazungu. Mchana upepo unakupiga mchanga usoni na chini panaunguza, wanaoletwa na mabasi ya matembezi kutoka mji wa Kalkan wanafika saa hiyo hiyo, wanapata masaa mawili ya kuungua halafu wanarudi kusema hapana kitu. Utamu wa hapa ni saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, na hizo huzipati usipolala kijijini. Usiku tatu ndio kima cha chini.

Letoon na Xanthos, magofu mengine ya jirani, nilienda siku moja kwa teksi ya kuchanga na wageni wawili wa gesti, zote ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1988. Letoon mahekalu yamesimama ndani ya maji na vyura wamejaa, hadithi yao ni kwamba mungu mke Leto aliwageuza vyura wanakijiji waliomnyima maji. Xanthos ni joto na mlima, na sanamu zake nzuri zaidi Waingereza walizibeba miaka ya 1840, ziko British Museum, nyumba moja na kile kichwa chetu cha udongo cha Luzira kilichochimbwa 1929. Basi nikajisikia mwenyeji.

Mengine haraka haraka. Pasi ya Uganda inahitaji viza, shughulikia mapema. Beba lira taslimu, viatu vya kufunga, na maji zaidi ya unavyodhani maana magofuni kivuli ni cha kutafuta. Kama unataka muziki na vilabu nenda Bodrum, hapa saa nne usiku unasikia mbwa na mashine ya maji tu. Samaki wa mgahawani ni ghali na ni mdogo, mtu wa ngege, yaani sato wa ziwani kwetu, atasikitika. Bei ya chumba na kifungua kinywa ilinishinda kidogo siku ya kulipa lakini sikunung'unika.

Ajenti nampa 2 kwa 10, hizo mbili ni za kunikatia ndege iliyoruka kwa wakati. Kijiji nakipa 9. Teyze alinifungia mtungi wa zeituni, uwanjani kilo zikazidi nikatoa jeans mbili za sampuli nikaziacha, zeituni zikapanda ndege. Jina la gesti msiniulize hapa, vyumba ni sita tu na mimi narudi Mei.