StoryGraph kwa msomaji wa Arusha: lengo la mwaka lihesabiwe kwa kurasa

Wasomaji wengi wanaojiwekea lengo la mwaka huanza kwa kutaja idadi ya vitabu: 12, 24, hata 50. Ni hesabu rahisi kutamka, lakini humpotosha sana mtu anayesoma zaidi kwa Kiswahili, na hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nihamishie kumbukumbu zangu za usomaji kwenye StoryGraph, programu iliyoanzishwa mwaka 2019 na Nadia Odunayo, mhandisi wa programu wa nchini Uingereza. Inapatikana kwenye simu na kwenye tovuti, na huduma zake za msingi ni za bure.

Mazoea ya kuhesabu vitabu yameenezwa sana na Goodreads, mtandao wa wasomaji ulioanza mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2013, ambao changamoto yake ya kila mwaka humtaka msomaji ataje vitabu vingapi atasoma. Mtu akikitazama kipimo hicho kupitia rafu ya vitabu vyetu ataona upungufu wake mara moja. Riwaya ya Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, haifiki kurasa 100, nayo humdai msomaji aisome polepole na pengine airudie. Kwa hesabu ya vitabu inapata alama moja, sawasawa na riwaya ya kurasa 600. Msomaji anayekimbizana na idadi hushawishika kuchagua vitabu vyembamba kuelekea Desemba na kuahirisha vinene mwaka hadi mwaka. Tamthilia, diwani na riwaya fupi, ambazo ndizo utajiri wa fasihi yetu, zinageuka kuwa njia ya mkato ya kutimiza lengo, jambo ambalo hazilistahili kabisa.

StoryGraph inamruhusu msomaji kuweka lengo la vitabu, la kurasa, au la saa kwa wale wanaosikiliza vitabu vya sauti, na malengo hayo yanaweza kwenda pamoja. Mimi nashauri lengo la kurasa liwe ndilo kuu. Kurasa 20 kwa siku ni kurasa 7,300 kwa mwaka, na kurasa 20 ni kipimo ambacho mfanyakazi anayepanda daladala kutoka Usa River kuja mjini asubuhi na kurudi jioni anaweza kukifikia bila kujinyima usingizi, mradi apate kiti. Akishuka, anafungua programu, anagusa kitabu anachokisoma na kuandika ukurasa alioishia. Programu inakokotoa asilimia iliyofikiwa na kuziongeza kurasa hizo kwenye jumla ya mwaka. Hapo ndipo ninapouona ubora wake mkubwa: kazi ya leo inaonekana leo, hata kama kitabu chenyewe kitamalizika baada ya wiki tatu, na kitabu kinene hakiachi tena pengo la mwezi mzima kwenye kumbukumbu kana kwamba msomaji alikuwa amelala.

Sehemu inayohitaji subira ni kuingiza vitabu. Kwa toleo jipya lenye msimbopau nyuma ya jalada, kamera ya simu inatosha. Lakini sehemu kubwa ya vitabu tunavyovipata kwa wauza vitabu vya mtumba mjini Arusha, au tunavyoviazima katika maktaba ya mkoa, vilichapwa kabla ya mwaka 2007, wakati ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu, ilikuwa na tarakimu 10 badala ya 13. Namba za vitabu vya Tanzania huanza na 9976 au 9987, na wapo wanaodhani kwamba kutanguliza 978 kunatosha kuipata namba ya sasa. Hakutoshi, kwa sababu tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile zilizotangulia, hivyo hubidi ikokotolewe upya. Njia nyepesi ni kutafuta kwa jina la kitabu pamoja na la mwandishi, kisha kuchagua toleo lenye jalada lile lile ulilonalo mkononi, maana matoleo hutofautiana kurasa na tofauti hiyo inaingia moja kwa moja kwenye lengo lako. Kitabu kisipopatikana, programu inakuruhusu kukiingiza mwenyewe: jina, mwandishi, idadi ya kurasa. Kwa vitabu vya Kiswahili hilo litahitajika mara nyingi, nami naliona kuwa mchango wa maana, kwani kitabu kilichoingizwa vizuri na msomaji mmoja wa Sanawari kinaweza kumfaa mwingine wa Tanga au Mombasa.

Chati zake zinavutia, ingawa si zote zinazotufaa kwa kiwango kimoja. Ile inayogawa vitabu kwa unene huanza na kundi la chini ya kurasa 300, na karibu riwaya zetu zote zinaangukia humo, kwa hiyo haimwambii mengi msomaji wa Kiswahili. Ile ya kurasa kwa kila mwezi, kinyume chake, ni ya thamani: inaonyesha wazi miezi ambayo usomaji ulilegea, na mtu anaweza kupanga kitabu kizito mahali penye nafasi. Kutoa alama hadi robo ya nyota pia ni jambo zuri, hasa kwa anayependa kupima kwa uangalifu.

Lugha ya programu ni Kiingereza, na hilo litawazuia baadhi ya wasomaji wazuri sana niwajuao. Mwalimu anayetaka kuitumia na klabu ya wanafunzi ajiandae kukaa nao mwanzoni. Ipo huduma ya kulipia yenye takwimu za ziada, lakini anayefuatilia lengo la mwaka haihitaji.

Kwa anayetaka kuanza sasa huku kumbukumbu zake zikiwa kwenye daftari, aingize kwanza vitabu vya mwaka huu pekee, akiandika kwa usahihi tarehe aliyomaliza kila kimoja, kwa kuwa tarehe hiyo ndiyo inayoamua kitabu kihesabiwe mwaka gani. Vya miaka ya nyuma vinaweza kusubiri. Aliyekuwa Goodreads anaweza kupakua faili la kumbukumbu zake huko na kulipandisha StoryGraph, kisha akague tarehe na matoleo kimoja kimoja kabla ya kuliamini lengo lake.