Trela ndogo ipi ununue kwa safari za makorongo ya Utah na Arizona

Kwa mlioko Marekani mnaopigia hesabu kuvuta trela ndogo mpaka hifadhi za Zion, Bryce, Canyonlands na kule kote kwenye majabali mekundu, kabla hujaanza kubonyeza magodoro na kuulizia tivii, jua kwanza kule kuna shida tatu: sehemu finyu, vumbi na uhaba wa maji. Kambi ya Natural Bridges ina nafasi 13 tu na urefu wa mwisho unaoruhusiwa ni futi 26, na barabara ya Moki Dugway ni kokoto tupu, mteremko wa asilimia 11, kona juu ya kona. Kwa hiyo kikubwa hapa si dili.

Namba moja kwangu ni zile za faibaglasi, Scamp ya futi 13 au Casita ya futi 17. Bodi yake ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vinaungwa katikati, yaani paa halina maungio ya kuvuja wala kuachia ukipita barabara ya vumbi yenye vimatuta mfululizo. Upana ni kama futi 6 na inchi 8, unapenya bila presha. Ubaya wake bei, hata yuzdi watu hawashushi kirahisi, na ukiwa na watoto wawili waliokua mtabanana hasa.

Namba mbili Aliner, ile ya kukunja yenye kuta ngumu, ikikunjwa inakaa chini kwa hiyo upepo hauisumbui njiani na mafuta yanapona. Ila kuisimamisha wakati upepo unavuma ni kazi ya watu wawili, na kagua raba za maungio ya paa, vumbi linapenda pale.

Namba tatu tiadropu, kale katrela kadogo kenye umbo la tone la maji. Nyepesi, imara, kwa wapenzi wawili safi kabisa, lakini jiko liko nyuma nje na upepo wa machipuko kule unakutilia mchanga kwenye ugali, sasa hapo we amua mwenyewe.

Ya mwisho ni zile za fremu ya mbao zenye chumba cha kuchomoza pembeni, bei chee, ndani zinavutia kweli, ila skrubu zinalegea na raba za kile chumba zinapauka kwa jua. Za lami sawa, za kule hapana.

Ukinunua yuzdi fungua droo ya chini kabisa iliyo karibu na tairi, pitisha kidole kwenye kona, ukitoa unga mwekundu basi kuna tundu mahali, tafuta na nyuma ya friji pia. Maji piga galoni moja kwa mtu kwa siku na hayo ni ya kunywa tu, maana kambi kama Willow Flat ya Canyonlands hazina bomba. Hita nayo usiiruke, Bryce iko futi 8,000 kwenda juu na hata mwezi wa tano usiku unagandisha, afu feni ya hita inakula betri kwa hiyo ongeza sola.

Halafu tairi, usiangalie kashata peke yake. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019, jua la jangwani linaua raba kabla kashata haijaisha, kwa hiyo zikiwa zimezeeka mkatie muuzaji bei ya tairi mpya hapo hapo.