TAHADHARI: Tapeli anayekodisha boti mto Great Ouse, analenga wenye mbwa

Ndugu zangu mlioko Uingereza, kama kuna anayetafuta boti ya kukodi kwa likizo pamoja na mbwa wake, tafadhali soma hapa kabla hujatuma hata pauni moja. Mimi nimepigwa pauni 590.

Nazungumzia zile boti ndefu nyembamba za chuma, upana mita 2 na kidogo, zenye jiko na vitanda ndani. Zinakwenda taratibu kama mtu anayetembea kwa miguu. Mbwa wangu, Bahati, ana miaka 11 na miguu ya nyuma inamwishia nguvu. Najua wengi wetu hatukulelewa na mbwa ndani ya nyumba, lakini huyu amenikalia karibu katika miaka migumu sana ya ugenini, na nilitaka tupate wiki moja ya utulivu majini: kutoka St Ives kuteremka hadi Ely, yeye akiota jua, mimi nikishika usukani.

Tangazo lilisema wiki nzima ni pauni 940. Kwingine kote nilikouliza, bei ya wiki ile ilizidi 1,400, tena wengi walikuwa wamejaa. Huyu alijibu ndani ya dakika tano. Aliuliza jina la mbwa, umri wake, kama anaogopa maji. Akaniambia naye alimzika mbwa wake mwaka jana. Hapo ndipo aliponipata. Akataka nusu ya bei, pauni 470, na juu yake pauni 120 za "dhamana ya mbwa" ambazo ningerudishiwa mwisho wa safari.

Nilipoingiza namba ya akaunti, benki ikanionya kwamba jina halilingani. Nikamuuliza, akasema ni akaunti ya mkewe. Nikatuma. Kosa hilo ni langu, nami nalisema wazi ili wewe usilirudie: onyo hilo likitokea, acha hapo hapo.

Siku ya safari nilifika na mizigo, chakula cha mbwa na koti lake la kuelea. Watu wa bandarini wakasema boti ya jina hilo hawaijui, na kwamba mimi si wa kwanza kuja kuiulizia. Simu yake ikawa haipatikani tena.

Mzee mmoja mwenye boti pale alitazama zile picha na kutikisa kichwa. Nyuma ya boti kuna malango ya maji (vyumba vyenye milango vinavyojazwa na kumwagwa maji ili kuinua au kushusha boti) yamejipanga kupanda mlima kama ngazi. Akasema hapo ni Caen Hill, Devizes, kwenye mfereji wa Kennet and Avon, ambako kuna malango 29 mfululizo. Ni upande wa pili wa nchi. Great Ouse inapita kwenye tambarare, na malango yake mengi yana mlango wa chuma unaonyanyuliwa wima, haufunguki kwa pembeni. Mtu anayeujua mto ule angegundua kwa kutupia jicho tu. Sisi wageni hatujui, na tapeli anategemea hilo.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuhusu leseni. Tapeli alinitumia karatasi ya leseni ya shirika linalosimamia mifereji, Canal & River Trust. Lakini Great Ouse iko chini ya Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, na boti ya pale lazima iwe imesajiliwa huko. Kwa hiyo omba namba ya usajili ya boti, uliza mamlaka ya mto husika, kisha pigia simu bandari yenyewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile uliyopewa na mwenye tangazo.

Kwenye malipo, tumia kadi ya mkopo. Kitu cha bei inayozidi pauni 100 hadi 30,000, sheria ya mwaka 1974 inaibana kampuni ya kadi pamoja na muuzaji, hata kama ulilipa arbuni tu. Anayekataa kadi na kung'ang'ania benki, achana naye.

Kama umeshatuma, piga 159 sasa hivi. Inakuunganisha na benki yako, na benki nyingi kubwa zimo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 benki zinatakiwa kumrudishia aliyetapeliwa kwa uhamisho wa ndani ya nchi, hadi pauni 85,000, ingawa zinaweza kukata hadi pauni 100. Muda wa kudai ni miezi 13. Dai langu bado linachunguzwa kwa sababu ya lile onyo nililopita juu yake. Polisi pia nimewapa ripoti.

Tangazo limerudi juzi. Boti imepewa jina jipya na sasa eti iko mto Nene, bei ni pauni 890. Picha ni zile zile: boti ya kijani yenye mstari mwekundu, mbwa wa kahawia amelala juu ya paa, na malango yanapanda mlima nyuma yake.